Gololi Ndogo, Hasara Kubwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia, Busia)

Baadhi yenu mmetoka mbali kwa baiskeli. Tumeziona zimeegemezwa pale nje chini ya mwembe. Na yafaa tukiri jambo moja: mlipokuwa mkinywa chai, tulipita pale kimya kimya, tukainua gurudumu la nyuma la kila baiskeli na kulizungusha. Tulihesabu baiskeli kumi na nne. Tisa kati yake zililia.

Hatutawataja wenye hizo tisa. Wanajijua, na wengine tunawaona wameanza kutazama chini. Lakini ndiyo sababu leo hatutaanza na katiba ya kikundi wala namna ya kuandika kumbukumbu za mkutano. Leo tutazungumza juu ya gololi, vile vipira vidogo vya chuma vilivyofichwa ndani ya gurudumu. Tutaeleza namna ya kujua zimechoka, namna ya kuzibadilisha sisi wenyewe, na kwa nini kikundi kinaweza kuvunjika kwa ajili ya kitu kidogo kama punje ya mahindi.

Gunia la mihogo

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana, kando ya Mto Sio, kilichanga pole pole mpaka kikanunua baiskeli tatu, zile nyeusi nzito ambazo watu huziita Black Mamba. Siku za soko zilibeba mihogo na viazi vitamu mpaka Busia. Siku nyingine vijana walizikodi kuuza maji. Daftari lao lilikuwa safi sana. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kuandika mapato na matumizi, na kila tulipowatembelea tuliwasifu.

Basi baiskeli moja ikaanza kulia gurudumu la nyuma. Kijana aliyekuwa akiiendesha akamwambia mweka hazina, "Mama, hii kitu inasaga." Mama akamjibu, "Inasaga nini na bado inatembea? Ngoja mkutano, mwanangu." Mkutano ukafika, mambo yakawa mengi, habari ya baiskeli ikasukumwa mbele. Mkutano wa pili, vivyo hivyo. Wiki sita zikapita.

Asubuhi moja ya siku ya soko, kijana akiteremka kuelekea darajani na gunia la mihogo mikavu kwenye karia, ekseli ya nyuma ikakatika. Gurudumu likalala upande mmoja, likakwama kwenye fremu. Kijana akarushwa akavunjika mkono. Gunia likapasuka kwenye tope.

Sisi tuliitwa siku ya tatu, na hatukuitwa kwa sababu ya baiskeli. Tuliitwa kuamua ugomvi. Nani atalipa hospitali? Kijana alisema, "Mimi nilisema mapema." Mweka hazina alisema, "Pesa si zangu, ni za mkutano." Mwenye mihogo alidai gunia lake. Akina mama wawili walichukua akiba yao wakaondoka.

Tulimwomba fundi aifungue ile habu mbele ya wanakikundi wote. Upande wa kulia, gololi tano kati ya tisa zilikuwa vipande vipande, na grisi imekuwa unga mwekundu wa kutu. Fundi akatuuliza, "Hii iliwekwa grisi lini?" Tukatazamana. Daftari lilionyesha hata bei ya sukari ya chai ya mkutano, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya grisi. Tuliwafundisha kutunza hesabu ya pesa, tusiwafundishe kutunza kile ambacho pesa zilinunua. Kosa hilo lilikuwa letu pia, na tunalikiri mbele yenu.

Gololi za gurudumu lile pamoja na kidogo cha grisi hazikufika bei ya kilo ya sukari. Badala yake kikundi kililipa habu nzima, ekseli, koni, kazi ya fundi ya kusuka spoki upya, na hospitali juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa walijenga ukuta, na nusura wabomoe na nyumba.

Ndani ya gurudumu kuna nini?

Habu ni lile tumbo la gurudumu ambako spoki zote hutokea. Katikati yake hupita ekseli, yaani ule mti wa chuma. Ekseli yenyewe haizunguki, imefungwa kwenye fremu kwa nati. Kinachozunguka ni habu. Kati ya hivi viwili ndipo gololi hukaa, zimejipanga duara kila upande, zikibiringika kati ya kikombe kilichomo ndani ya habu na koni iliyofungwa kwenye ekseli.

Kwa hiyo mzigo wote wa nyuma, gunia na mwenye kuendesha, hukalia gololi hizo chache. Na zile za chini ndizo zenye kubeba kwa wakati mmoja, kisha zinapokea nyingine. Ni kama wanakikundi kubeba jeneza kwa zamu: wote wakiwa na kimo kimoja, mzigo unakwenda sawa. Akiwapo mmoja mrefu kuliko wenzake, yeye ndiye ataumia bega.

Ndiyo maana gololi lazima ziwe sawasawa kabisa. Huko Schweinfurt, Ujerumani, mwaka 1883 fundi Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma zikatoka mviringo kamili na za kipimo kimoja. Tangu hapo ziliweza kutengenezwa kwa wingi, na gurudumu la baiskeli likawa jepesi. Ukichanganya gololi mpya na zile kuukuu zilizolika, umeirudisha kazi yote nyuma. Mpya ni kubwa kidogo kuliko kuukuu, macho hayaoni, lakini ekseli inajua. Mzigo wote utakaa juu ya hizo mpya, nazo zitapasuka kwanza.

Adui wa gololi ni watatu: maji, mchanga na kulegea. Tukivuka mto, au tukiipeleka baiskeli kuoshwa mtoni na kuilaza majini, maji huingia ndani ya habu na kuondoa grisi. Mchanga ukifuata, hufanya kazi ya tupa. Halafu habu hulegea, gurudumu huchezacheza, na ekseli hupigwa upande huu na huu mpaka hupinda au hukatika. Ikipinda nayo huzisaga gololi zaidi. Ugonjwa mmoja huita mwingine.

Dalili za ugonjwa

Vipimo hivi vyafaa kufanywa na mtu yeyote, hata mtoto wa shule:

1. Inua gurudumu, lizungushe, huku mkono mwingine umeshika fremu karibu na ekseli. Ukisikia mkwaruzo kama wa kusaga mtama, ndani kuna uchafu au gololi zimelika.

2. Shika rimu kwa vidole, itikise kushoto na kulia. Ikichezacheza, na ikawa hivyo hivyo kila unapoishika, habu imelegea. Lakini kama rimu inagusa breki mahali pamoja tu, hiyo ni rimu iliyopinda. Usifungue habu bure.

3. Inua gurudumu la mbele uliache bila kulisukuma. Gurudumu zuri litajigeuza lenyewe mpaka sehemu nzito, mara nyingi penye valvu, iende chini, tena litayumba kidogo kabla ya kusimama. Likiganda pale pale ulipoliacha, koni imebana sana au ndani kuna kutu.

Baiskeli ikionyesha dalili moja tu kati ya hizi, isibebe mzigo mzito mpaka imefunguliwa.

Vifaa

Tunahitaji spana ya nati za ekseli, na spana mbili nyembamba za koni, kwa maana spana nene haiingii pale. Kama kikundi hakina, vikundi viwili au vitatu vinunue pamoja. Tuwe pia na mafuta ya taa kidogo, vitambaa vikavu, kalamu ya biki, grisi ya magari, na sinia au beseni pana. Sinia ni muhimu kuliko mnavyodhani. Gololi ikianguka kwenye nyasi, mtaitafuta mpaka jua lizame.

Namna ya kubadilisha

Kwanza, igeuze baiskeli ikae juu ya usukani na kiti, legeza nati, ondoa gurudumu. Kwa gurudumu la nyuma, toa cheni kwanza. Friwili haina haja ya kutolewa, iache mahali pake.

Pili, laza gurudumu juu ya sinia. Fungua upande mmoja tu, yaani ule wa kushoto kwa gurudumu la nyuma. Shika koni kwa spana moja, legeza nati ya kufungia kwa spana ya pili, kisha ondoa nati, washa na koni. Zipange juu ya kitambaa kwa mstari, jinsi zilivyotoka. Koni ya upande wa pili usiiguse, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ekseli ilikaa wapi.

Tatu, vuta ekseli pole pole kutoka upande wa pili. Gololi zitaanza kuanguka kwenye sinia. Zihesabu, kila upande peke yake, na uandike. Katika baiskeli nyingi za namna yetu, gurudumu la mbele huwa na gololi 10 kila upande za kipimo cha inchi 3/16, na la nyuma huwa na gololi 9 kila upande za inchi 1/4. Lakini baiskeli hazifanani zote. Chukua gololi moja iliyo nzima uende nayo dukani, ulinganishe kwa macho yako. Usinunue kwa maneno.

Nne, osha kikombe, koni na ekseli kwa mafuta ya taa. Tafadhali, mbali na jiko na mbali na sigara. Mafuta machafu yasimwagwe karibu na chemchemi, sisi sote twanywa pale. Pangusa mpaka pakauke kabisa.

Tano, kagua. Hapa ndipo kalamu ya biki inapofanya kazi. Pitisha ncha yake pole pole pale gololi zinapobiringika, kwenye koni na ndani ya kikombe. Ukiona mstari wa kung'aa tu, hiyo ni sawa. Ncha ikikwama kwenye vishimo, koni hiyo imekwisha, nunua nyingine. Kikombe kikiwa na vishimo vingi, gololi mpya hazitaishi, na afadhali kuanza kuweka pesa za habu mpya. Kisha biringisha ekseli juu ya meza iliyo sawa. Ikirukaruka, imepinda. Usiinyoshe kwa nyundo, ibadilishe.

Sita, paka grisi ya kutosha ndani ya vikombe vyote viwili, halafu panga gololi mpya, zote mpya, moja moja. Grisi itazishika zisianguke. Idadi iwe ile uliyoandika. Kama zile za zamani zilikuwa zimevunjika na hesabu haijulikani, panga mpaka pajae, kisha hakikisha pamebaki nafasi ndogo isiyofika ya gololi moja. Zikibanana hazitabiringika, zitasuguana.

Wengine hutumia mafuta ya kupikia au oili iliyotolewa kwenye gari. Tusifanye hivyo. Mafuta ya kupikia huoza na kugandamana. Oili chafu ni nyepesi, hutiririka nje, na tayari imebeba vumbi la chuma. Baiskeli nyingine zina tundu dogo la mafuta katikati ya habu. Hapo tone mbili tatu za oili safi zafaa, lakini hazichukui mahali pa kuifungua na kuisafisha.

Saba, rudisha ekseli taratibu ili isizisukume gololi. Kaza koni kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishe nyuma kidogo, kama robo ya mzunguko. Weka washa na nati ya kufungia. Sasa shika koni kwa spana moja isisogee, na ukaze nati kwa spana ya pili. Zungusha, kisha tikisa. Likisaga, limebana. Likichezacheza, limelegea. Fungua urekebishe tena. Hata mafundi wazoefu hurudia mara mbili tatu, kwa hiyo msione haya.

Nane, rudisha gurudumu katikati ya uma wake, cheni ilegee upana wa kidole kimoja, kaza nati za pande zote mbili. Baada ya siku mbili tatu pima tena, maana gololi mpya zikishakaa, koni huweza kulegea kidogo.

Mama mmoja tuliyemfundisha kazi hii alimaliza, akafuta mikono, akasema, "Kumbe! Na mnavyotutisha na neno fundi. Kuatamiza kuku ni kazi kuliko hii." Hatukuwa na la kumjibu.

Hatusemi fundi hana kazi. Kusuka spoki, kunyosha fremu, kufungua friwili, hizo tumwachie yeye, na tumlipe vizuri. Lakini grisi na gololi ni kama kufagia nyumba. Huiti mtu akufagilie kila siku.

Baiskeli ya wote ni ya nani?

Sasa tuje kwenye ugonjwa mkubwa kuliko kutu. Baiskeli ya mtu binafsi ikilia, mwenyewe hasikii usingizi. Baiskeli ya kikundi ikilia, kila mmoja husema mwenzangu amesikia. Kile kikundi cha Mto Sio hakikukosa pesa, wala kijana hakukosa kusema. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema, "Hii baiskeli haitoki leo."

Walipopatana, na haikuwa rahisi, walikubaliana mambo manne, nasi tunawapa ninyi kama yalivyo:

Kila baiskeli ina mlezi mmoja, jina lake limeandikwa. Mlezi aweza kuizuia isitoke hata kama ni siku ya soko, na mwenyekiti hawezi kumpinga mpaka gurudumu lipimwe mbele yao wote.

Kila baiskeli ikikodiwa, sehemu ndogo ya malipo huwekwa kando kwa ajili ya vipuri. Pesa hizo haziingii kwenye mkopo wala kwenye chai.

Kila baiskeli ina ukurasa wake katika daftari: siku iliyofunguliwa, gololi ngapi, koni ipi imebadilishwa, nani aliyefanya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na baiskeli ni mali.

Habu zote hufunguliwa kabla ya mvua ndefu za Machi na tena zikiisha. Baiskeli iliyozama mtoni haingoji ratiba, hufunguliwa wiki ile ile.

Mweka hazina yule ndiye mlezi wa baiskeli ya kwanza sasa. Alijitolea mwenyewe. Kijana mkono wake ulipona, ingawa hawezi tena kuinua gunia kama zamani, na yeye ndiye anayefundisha vikundi vingine kupanga gololi. Wale akina mama wawili, mmoja alirudi. Mwingine hakurudi. Tunalisema hilo kwa sababu ni kweli: gurudumu lilitengenezwa kwa siku moja, lakini si kila kitu kilichovunjika siku ile kilitengenezeka.

Ndugu zetu, sisi watu wa hapa mpakani tunaijua baiskeli. Hapa Busia ndipo jina boda boda lilipozaliwa, katika miaka ya 1960, watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Leo pikipiki zimechukua abiria wengi. Lakini baiskeli hainywi petroli, na maji, mihogo na kuni za nyumba nyingi bado ziko juu yake. Mara nyingine hata mgonjwa yuko juu yake.

Tumewaletea sinia mbili, spana na kopo la grisi. Tukishakula, wenye zile baiskeli tisa wazilete hapa kivulini. Tutaanza na ile inayolia zaidi, na mwenyewe ndiye atakayeifungua.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Baiskeli za kikundi chetu zilifunguliwa habu lini mara ya mwisho? Nani anajua, na imeandikwa wapi?

2. Mwanachama akisema chombo cha kikundi kina kasoro, neno lake huenda kwa nani? Huchukua siku ngapi kabla ya kutendwa?

3. Mtu akiumia kwa chombo cha kikundi, tumekubaliana nani atalipa? Kama bado, tutakubaliana katika mkutano upi?

4. Mbali na baiskeli, ni kitu gani kingine cha kikundi chetu, kama pampu, mashine ya kusaga au mizinga ya nyuki, ambacho kinalia na sote tunanyamaza?